Mtoro ni Nani?

Maradhi ya mwili yana dawa za kumezwa, za kuchomwa na za kupakwa. Maradhi ya moyo yana dawa zake pia, na moja katika hizo haina chupa wala kidonge: ni mazungumzo. Mgonjwa huketi mbele ya mtu aliyefunzwa kusikiliza, akasema lililomlemea, akasikizwa, akaulizwa, akarudi tena juma la pili na la tatu, mpaka fundo lililokaza miaka mingi lianze kulegea. Tiba hii ina sharti moja kubwa, nalo ni kwamba mgonjwa arudi. Kidonge kikisha kumezwa hutenda kazi yake hata kama aliyekitoa amelala. Neno halitendi kazi asipokuwapo wa kulisema na wa kulisikia. Kwa hiyo kiti kitupu katika chumba cha mazungumzo si jambo dogo. Ni dawa iliyomwagika.

Hoja ya makala haya ni nyepesi kusema na nzito kutenda. Mgonjwa aliyeacha tiba ya mazungumzo kabla ya wakati wake hakuacha kuwa mgonjwa, na huduma iliyompokea siku ya kwanza haikutoka katika deni lake kwa sababu hakuonekana siku ya tatu. Kumtafuta ni sehemu ya tiba yenyewe. Si hisani itolewayo baada ya tiba, wala si kazi ya mtu mwenye nafasi. Asiyekubali hivyo ana hoja zake, na hoja hizo zitapimwa hapa moja moja. Lakini kwanza yafaa itazamwe nchi ambamo mgonjwa huyo anaishi, maana hoja nyingi zinazosikika vizuri mjini hupoteza sauti zikifika shamba.

Mvumi ya Kilosa, isichanganywe na Mvumi ya Dodoma yenye hospitali ya misheni, ni kata ya wakulima katika mkoa wa Morogoro. Wilaya ya Kilosa ina rutuba ya kusifiwa: mahindi, mpunga, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yaliyojulikana tangu zama za wakoloni. Walakini ardhi iliyo na neema haikosi kugombewa, na mito inayolisha mpunga ndiyo hiyo hiyo inayobomoa nyumba. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mji wa Kilosa na vijiji vyake, na maelfu ya watu wakahamia mahemani. Januari 2014 maji yalirudi kwa njia nyingine, yakaikumba Dumila na Magole na kuikata barabara kuu ya kwenda Dodoma. Ukiongeza juu ya hayo misiba ya kila siku, ukimwi, mazao yaliyokauka, ndoa zilizovunjika na watoto waliozikwa, huwezi kusema kwamba watu wa nchi hii hawana la kuzungumza. Wengi wao wangekuwa na mengi, lau angekuwapo wa kuwasikiliza mpaka mwisho.

Na yafaa ikumbukwe kuwa mkoa wa Morogoro si mgeni wa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Denmark, ilichagua mikoa miwili, Morogoro na Kilimanjaro, iwe ya kwanza kujaribu kuitoa tiba ya akili katika hospitali kubwa na kuipeleka katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Kabla ya hapo njia ya mgonjwa wa akili ilielekea mbali: Lutindi katika milima ya Usambara, au Mirembe ya Dodoma, nyumba za kufungiwa watu mbali na jamaa zao. Fikira ya miaka ile ilikuwa njema: tiba imfuate mgonjwa alipo. Kinachodaiwa leo ni tawi la fikira hiyo hiyo. Ikiwa tiba iliweza kumfuata mgonjwa kijijini kabla hajaja, yawezaje kushindwa kumfuata baada ya kuwa amekuja akaondoka?

Na afikiriwe mjane mmoja wa Mvumi, asiye na jina kwa kuwa hayupo ila katika mfano huu, lakini mwenye ndugu wengi walio hai. Hapati usingizi, chakula hakimpiti kooni, jembe limekuwa zito mkononi. Anaelekezwa Kilosa, anaonana na mshauri, anaambiwa arudi kila Jumanne kwa majuma sita. Jumanne ya kwanza amekuja, na ya pili amekuja. Ya tatu hakuonekana. Katika daftari pameandikwa neno moja: hakuja.

Neno hilo limefunika mambo mengi. Yamkini mpunga umeanza kutoa masuke na ndege wameshuka, na hakuna wa kuamia ila yeye. Yamkini nauli ya kwenda na kurudi ni sawa na kibarua cha siku nzima. Yamkini jirani alimwona akingoja gari akamwuliza kwa kicheko kama naye ameanza kutibiwa wazimu. Yamkini mara ya pili mshauri aligusa jambo ambalo mjane hakuwa tayari kuliguswa, akatoka chumbani na donda lililofunuliwa bila kufungwa, akaapa kwamba harudi. Yamkini amepata nafuu kidogo akadhani yamekwisha. Au yamkini amezidiwa, hana hata nguvu ya kutoka kitandani. Hizo ni sababu sita, na kila moja inataka jibu lake: mmoja abadilishiwe siku, mwingine asaidiwe nauli, wa tatu apelekewe mshauri karibu, wa nne aombwe radhi, wa tano apongezwe na kuonywa, wa sita akimbiliwe usiku huo huo. Daftari limewatia wote katika neno moja, na asiyekwenda kuuliza hatajua kamwe ni yupi aliyekuwa anapona na ni yupi aliyekuwa anakufa.

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo waganga na makarani hulitumia bila kulipima: mtoro. Aliyeacha dawa ni mtoro. Aliyeacha kliniki ni mtoro. Neno hili lina nasaba yake, na watu wa Morogoro wana haki ya kuijua kuliko wengine. Katika karne ya 19 mtoro alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Kisabengo, mtu wa Uzigua, alikusanya watoro wa namna hiyo, akajenga mji wenye boma mahali ulipo mji wa Morogoro leo, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la binti yake, Simbamwene; Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta umesimama. Basi katika nchi hii mtoro hakuwa mvivu wala mpumbavu. Alikuwa mtu aliyepima hali aliyomo, akaiona mbaya kuliko hatari ya njia. Akiitwa kwa jina hilo mgonjwa aliyeacha tiba, neno lenyewe linamshitaki aliyelitamka: kama huyu ni mtoro, bwana wake ni nani, na alimtendea nini hata akakimbia? Mgonjwa hana bwana. Asiye na bwana hatoroki, huondoka. Na mtu akiondoka nyumbani kwa mwenyeji kabla ya chakula, muungwana hamtukani mgeni, bali huuliza nyumba ina nini.

Ulimwengu wenyewe umekwisha kulitambua kosa hili, na ajabu ni kwamba ulilitambua katika maradhi ambayo Tanzania ilikuwa mwalimu. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Daktari Karel Styblo pamoja na wenzake wa Tanzania waliweka utaratibu ambao leo unaonekana wa kawaida, lakini siku zile ulikuwa jambo jipya: kila mgonjwa aliyeanza dawa aandikwe, na kila robo ya mwaka kikosi kizima cha walioanza pamoja kihesabiwe mpaka mtu wa mwisho. Wangapi wamepona? Wangapi wamekufa? Wangapi wamehamia kwingine? Wangapi wamekatiza? Hapakuwa na ruhusa ya kusema tu kwamba fulani hakuja. Kila jina lilitakiwa kuwa na mwisho unaojulikana. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilijenga juu ya utaratibu huo mkakati wake wa kupambana na kifua kikuu duniani kote. Na mwaka 2013 shirika hilo hilo liliyabadili maneno yake: mgonjwa aliyekatiza dawa, ambaye zamani aliitwa kwa jina la mtu aliyevunja wajibu, akaanza kuitwa aliyepotea katika ufuatiliaji. Lawama ikaondolewa kwa aliyepotea, ikawekwa karibu na anayepaswa kufuatilia.

Dawa za kupunguza makali ya ukimwi zilipoanza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004, somo hilo halikusahauliwa. Mgonjwa ana kadi, ana tarehe, na tarehe ikipita wapo watu wa kumpigia simu na kumtembelea nyumbani. Basi nchi hii haiwezi kusema haijui namna ya kumtafuta mtu aliyepotea. Inajua sana, imeufundisha ulimwengu. Inajua kumfuata mwenye kifua kikuu kwa kuwa kikohozi chake chaweza kumwambukiza jirani, na mwenye virusi kwa kuwa dawa zake zina thamani na zina wafadhili. Mwenye huzuni haambukizi mtu na dawa yake haina bei dukani, basi akipotea hapana anayeshituka. Hii si hesabu ya utu.

Sasa zije hoja za wapinzani. Ya kwanza husemwa kwa sauti ya heshima: mtu mzima ana hiari yake, akiacha tiba ameamua, na kumfuata ni kumvunjia hiari. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni ya hatari. Hiari ni ya mtu aliyejua njia zilizo mbele yake akachagua moja. Mjane aliyekosa nauli hakuchagua. Aliyezuiwa na kicheko cha jirani hakuchagua. Na sonona, neno ambalo asili yake ni kitenzi cha uchungu wa moyoni na leo ni jina la ugonjwa, ina tabia ya kuishika hiari yenyewe: humwambia mgonjwa kwamba hafai, kwamba anawasumbua watu, kwamba hakuna atakayemwuliza akikosekana. Huduma ikikaa kimya baada ya yeye kukosekana, imetoa ushahidi upande wa ugonjwa.

Wala kumfuata mtu si lazima kuwe kumsukuma. Jerome Motto, daktari wa akili wa San Francisco, pamoja na mwenzake Alan Bostrom, walitangaza mwaka 2001 matokeo ya kazi ya miaka mingi. Walichukua wagonjwa 843 waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa hatari ya kujiua, na ambao baada ya kutoka walikataa au waliacha tiba. Waliwagawa kwa kura: nusu moja iliandikiwa barua fupi mara kwa mara kwa miaka mitano, na nusu nyingine haikuandikiwa. Barua hizo hazikudai kitu, hazikukumbusha tarehe, hazikulaumu. Ziliulizia hali tu na kuacha mlango wazi. Walioandikiwa walijiua kwa uchache kuliko wasioandikiwa, na tofauti ilionekana hasa katika miaka miwili ya kwanza. Watu hao walikuwa wametumia hiari yao, na hiari yao iliheshimiwa. Hawakurudishwa kwa nguvu popote. Walichopewa ni habari moja tu, kwamba yupo mtu anayejua kuwa wao wapo.

Hoja ya pili hujivika kanzu ya mila: kwamba tiba ya mazungumzo ni mambo ya Ulaya, na Mwafrika akiwa na huzuni ana wazee wake. Asemaye hivi hajawatazama wazee anaowataja. Katika Ukaguru na nchi jirani mfiwa haachwi. Watani huja msibani, hushika kazi, hutania hata penye machozi, na aliyejifungia ndani hufuatwa ndani. T. O. Beidelman, aliyewachunguza Wakaguru, aliandika juu ya utani wao na mauti katika makala ya mwaka 1966. Ikiwa mila ndiyo hoja, basi mila inashuhudia kinyume cha msemaji: haikumngoja mwenye huzuni aje ofisini saa mbili asubuhi akiwa na kadi. Ilimwendea. Jambo la kigeni si mazungumzo. La kigeni ni mazungumzo yasiyobisha hodi.

Na kwamba mazungumzo ya utaratibu yanaponya katika Afrika Mashariki, hilo limekwisha kupimwa. Mwaka 2003 yalitangazwa matokeo ya vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, ambako vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji vilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya watoto 640 waliofiwa na wazazi, katika Moshi ya Tanzania na Bungoma ya Kenya, walioketi na washauri wasio madaktari. Katika sehemu tatu kati ya nne tiba hiyo iliushinda msaada wa kawaida. Tiba inafaa. Linalobaki ni kumfikisha mgonjwa mwisho wake, na huko hakuna taifa la kujisifu. Joshua Swift na Roger Greenberg walipojumlisha mwaka 2012 uchunguzi 669 uliofanywa juu ya wagonjwa zaidi ya 83,000, walikuta kwamba mmoja katika kila watano huacha kabla ya wakati. Wengi wa hao wana magari na simu. Mwenye kutembea kwa miguu ana udhuru mkubwa zaidi.

Hoja ya tatu ndiyo ya kila siku: hapana fedha wala watu. Ni kweli kwamba madaktari bingwa wa akili wa Tanzania ni makumi tu, katika nchi iliyohesabiwa kuwa na watu 61,741,120 mwaka 2022. Lakini anayemtafuta aliyepotea si lazima awe daktari bingwa. Zimbabwe ilionyesha njia. Daktari Dixon Chibanda alipoteza mgonjwa kijana aliyejiua kwa kuwa nauli ya kurudi hospitali haikupatikana. Kutoka katika msiba huo, mwaka 2006, alianza kuwafunza bibi wazee 14 wa Mbare, Harare, waketi kwenye mabenchi karibu na zahanati na kuzungumza na wenye mawazo mazito. Matokeo yake yalipimwa, yakatangazwa mwaka 2016, na mpango ukafika Malawi na Zanzibar. Msingi wake wote ni nauli iliyokosekana. Tanzania nayo ilizindua Januari 2024 mpango wa kuwafunza wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 137,000. Watu hao watapita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za chandarua, choo na chanjo. Kuongeza swali moja juu ya aliyeacha mazungumzo si gharama ya kulivunja taifa. Ghali ni kumpokea mgonjwa, kumfunua moyo, kisha kumpoteza. Maana hapo fedha ya mwanzo imetupwa na mtu pia ametupwa.

Walakini anayetetea ufuatiliaji asifumbe macho kwa hatari yake. Kijijini siri ni amana nyembamba. Pikipiki ya kituo cha afya ikisimama mlangoni, mtaa mzima umekwisha kusoma barua isiyoandikwa. Simu aghalabu ni ya nyumba nzima, na ujumbe wa mshauri waweza kusomwa na yule yule aliyekuwa chanzo cha machozi. Kwa aliyejaribu kujiua ipo hofu kubwa zaidi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, urithi wa utawala wa Mwingereza, iliandika jaribio hilo kuwa kosa. Na Kenya, iliyorithi kifungu kama hicho, ilingoja mpaka Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu yake ikakitangaza kuwa ni kinyume cha katiba. Kumfuata mtu mwenye hofu ya namna hiyo kwa kelele ni kumfukuza mara ya pili.

Basi ufuatiliaji ulio na staha una masharti manne. Kwanza, mgonjwa aulizwe siku ile ile ya kwanza, kabla hajaondoka: ukikosa kuja, utafutwe vipi, na nani, na kwa jina gani? Jibu lake liandikwe na lifuatwe. Pili, anayekwenda aende kuuliza hali, si kudai hesabu. Neno la kwanza liwe salamu, na neno mtoro lisitamkwe. Tatu, mgonjwa akisema hataki, akubaliwe, lakini aambiwe waziwazi kwamba mlango haukufungwa, na baada ya muda asalimiwe tena. Nne, huduma ijihesabu yenyewe kila robo ya mwaka kama ulivyofundisha mpango wa kifua kikuu: wangapi walianza, wangapi walimaliza, wangapi waliacha, wangapi waliulizwa sababu, na ni sababu zipi zilizotoka kwa huduma yenyewe. Sharti hili la nne ndilo litakalochukiwa zaidi, maana daftari la namna hiyo humhukumu mwandishi wake.

Wanafunzi na wanazuoni wasidhani kuwa jambo hili ni la waganga peke yao. Anayelinda lugha analinda watu waliomo katika lugha. Majina wanayopewa wagonjwa hutungwa katika kamusi, katika vitabu vya mafunzo na katika magazeti kabla ya kufika katika daftari la Kilosa, na jina baya hufanya kazi mbaya hata mikononi mwa mtu mwema. Upo msemo wa kale kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Msemo huo unafaa katika kugawana nyama na katika mabaraza ya kugombea mali. Ukiingia katika nyumba ya tiba hugeuka kuwa hukumu ya mauti. Humo yapasa isemwe kinyume: asiyekuwepo, lake ndilo la kwanza kuulizwa, na mshauri asifunge chumba jioni kabla hajakitazama kiti kitupu na kuliandika chini jina la mwenye kiti hicho, ili kesho yake mtu atumwe Mvumi kwenda kubisha hodi.